Rabai: Tuzo za kujitolea zisigeuke njia rahisi ya kulipa deni

KILA mwaka unapoingia robo yake ya mwisho, taifa letu huwa katika msimu wa kutunukiana. Oktoba 20 ni Sikukuu ya Mashujaa. Desemba 5 ni siku ambayo Umoja wa Mataifa uliitenga tangu 1985 kwa ajili ya watu wanaojitolea. Kisha Desemba 12, Sikukuu ya Jamhuri, wananchi hungojea kusikia ni akina nani waliotunukiwa nishani na Rais.

Chini ya ngazi hiyo ya kitaifa zipo hafla nyingi ndogo ambazo hazifiki kwenye runinga. Hufanywa katika kumbi za kanisa, viwanja vya shule na nyua za vituo vya afya. Mama aliyewatembelea wagonjwa wa kijiji kizima kwa miaka mingi huitwa mbele akapewa cheti. Mwenye duka aliyewakopesha majirani unga wakati wa kiangazi hupigiwa makofi. Naye meneja wa kampuni hupigwa picha akiwa ameshika hundi ya karatasi ngumu inayokaribia kimo chake.

Umoja wa Mataifa uliutenga mwaka 2026 kuwa Mwaka wa Kimataifa wa Kujitolea kwa Maendeleo Endelevu, miaka 25 baada ya mwaka wa kwanza wa aina hiyo, 2001. Kwa sababu hiyo, swali la nani atuzwe, kwa lipi, na nani amtuze, limepata uzito mpya.

Rabai, eneobunge la Kaunti ya Kilifi lenye wadi za Mwawesa, Ruruma, Kambe/Ribe na Rabai/Kisurutini, ni mahali mwafaka pa kulipimia swali hilo. Ni eneo ambalo kwa zaidi ya miaka 170 limepokea wamishonari, kampuni, mashirika na wafadhili wa kila namna. Ni eneo pia lenye misitu ya kaya ambayo wazee wake wameilinda bila mshahara tangu enzi ambazo hakuna aliyekuwa na daftari la kuzirekodi.

Waswahili wana methali mbili zinazoelekea kupingana kuhusu jambo hili. Ya kwanza yasema, mcheza kwao hutuzwa. Ya pili yaonya kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Huko Rabai, ambako wagema huparaga minazi asubuhi na jioni ili kuwalisha na kuwasomesha watoto wao, methali hiyo ya pili si ya kitabuni. Ni maisha ya watu.

Kwa kawaida methali hiyo hutumiwa kumwonya anayesifiwa asilewe sifa. Lakini tukizitazama kwa makini tuzo za siku hizi, tutaona kwamba mara nyingi maji hayatiwi na mgema. Hutiwa na msifu. Yule anayetoa cheti ndiye anayedaiwa posho, dawa, maji au ardhi na huyo huyo anayemvisha taji la maua. Hapo ndipo sifa inapokuwa njia rahisi ya kulipa deni.

Hati za uhuru za 1889

Si jambo geni kwa Rabai kushuhudia ufadhili ukishangiliwa hadharani. Mnamo Januari 1, 1889, George Mackenzie, msimamizi wa kampuni ya Imperial British East Africa, aligawa huko hati za uhuru kwa watumwa waliokuwa wametoroka mabwana wao.

Kampuni hiyo ilikuwa imepata idhini ya kifalme nchini Uingereza Septemba 1888, miezi michache tu kabla ya hapo. Ilipoanza kazi Mombasa iliwakuta wenye watumwa wamepandwa na ghadhabu. Watoro wao walikuwa wamejenga na kulima kwenye vituo vya misheni, Rabai kikiwa kikubwa miongoni mwavyo. Fujo ilikuwa ikinukia, na biashara haishamiri penye fujo.

Suluhu iliyopatikana ni kuwalipa mabwana fidia ya dola 25 kwa kila mtoro. Zaidi ya watu 1,400 walipata hati zao, kwa gharama ya takriban pauni 3,500. Wala kampuni haikuubeba mzigo huo peke yake, kwa kuwa serikali ya Uingereza pamoja na marafiki wa misheni walitoa sehemu kubwa ya fedha hizo.

Hesabu ya siku ile yafaa kusomwa kwa utulivu. Aliyemiliki mtu alilipwa fedha. Aliyemilikiwa alipewa karatasi. Kampuni iliyohitaji utulivu wa kibiashara iliupata, na juu yake ikaongezewa sifa ya ukarimu.

Hatusemi kwamba karatasi ile haikuwa na thamani. Kwa mtu aliyelala kila usiku akihofia kurudishwa kwa bwana wake, ilikuwa na thamani isiyokadirika, hasa ikikumbukwa kwamba hali ya utumwa haikufutwa kisheria katika pwani ya Kenya hadi 1907. Jambo tunalolisema ni kwamba waliobeba hatari kwa miaka kabla ya siku ile si wale waliotoa fedha.

Waliobeba hatari ni watoro wenyewe, waliofyeka na kulima huku wakijua kwamba wanaweza kuvamiwa wakati wowote. Pamoja nao alikuwapo William Jones, Mwafrika aliyepitia utumwa, akasomeshwa India na kurejea pwani kuitumikia misheni ya Rabai. Alitawazwa kuwa shemasi mwaka 1885, na ni wakati wa utumishi wake ambapo watoro wengi walipata hifadhi katika kituo hicho.

Mgeni anayezuru Rabai leo huelezwa kwanza habari za Johann Ludwig Krapf na Johannes Rebmann, walioanzisha kituo hicho mwaka 1846. Jumba la makumbusho lililofunguliwa 1994 katika jengo la kanisa la kale huihifadhi historia hiyo, na ni haki yake kuhifadhiwa. Hata hivyo, si Wakenya wengi wanaolifahamu jina la Jones, na majina ya watoro wale takriban hakuna anayeyataja.

Funzo la 1889 ni kwamba kila tuzo ina maswali matatu ndani yake: ni nani aliyebeba hatari, ni nani aliyefaidika, na ni nani aliyetajwa? Majibu ya maswali hayo matatu yakiwa watu watatu tofauti, basi tuzo hiyo ina walakini.

Shilingi 50 kwa kila nyumba

Tuyapeleke maswali hayo kwa kundi la watu wanaojitolea ambalo pengine ndilo linalosifiwa zaidi nchini kwa sasa. Hawa ni wahamasishaji wa afya ya jamii, wanaume na wanawake wanaozunguka nyumba hadi nyumba kupima shinikizo la damu, kuwapima watoto uzani, kuwahimiza wajawazito waende kliniki na kuwafuatilia wagonjwa waliokatiza dawa.

Mpango huu ulianza kuchukua sura ya kitaifa mwaka 2006, chini ya mkakati wa afya ya jamii. Kwa miaka mingi walioutekeleza waliitwa wahudumu wa kujitolea, na jina hilo likawa hoja ya kutowalipa. Katika kaunti kadhaa walifanya kazi kwa fulana, kofia na ahadi.

Mnamo Septemba 25, 2023, Rais William Ruto aliwazindua upya katika bustani ya Uhuru, Nairobi. Takriban wahamasishaji 100,000 walikabidhiwa vifaa vya kazi na simu. Iliamuliwa pia kwamba kila mmoja apate posho ya Sh5,000 kwa mwezi, nusu ikitoka kwa serikali ya kitaifa na nusu kwa kaunti. Mwezi uliofuata Sheria ya Huduma ya Afya ya Msingi ya 2023 ikatiwa sahihi, na hivyo kazi yao ikapata mahali katika sheria za nchi.

Hiyo ilikuwa hatua kubwa, na asiyekiri hivyo atakuwa mchoyo wa shukrani. Lakini tupige hesabu. Kila mhamasishaji hukadiriwa kuhudumia nyumba zipatazo 100. Posho ya Sh5,000 ikigawanywa kwa nyumba hizo, ni Sh50 kwa kila nyumba kwa mwezi mzima.

Katika eneo kama Rabai, ambako miji ya watu imetawanyika vilimani na mabondeni, nauli ya bodaboda ya safari moja ya kumpeleka mgonjwa zahanati yaweza kuimeza posho ya nyumba kadhaa. Anayebaki akilipa tofauti hiyo ni mhamasishaji mwenyewe. Hulipa kwa muda wa shamba lake, kwa viatu vyake, na wakati mwingine kwa pesa za chakula cha watoto wake.

Isitoshe, tangu mpango huo uzinduliwe, malalamiko ya kucheleweshwa kwa posho yamesikika katika kaunti mbalimbali. Serikali ya kitaifa hunyosha kidole kwa kaunti, nazo kaunti hunyosha kwa Hazina ya Kitaifa. Mhamasishaji husimama katikati, akiwa na mkoba wake mgongoni na cheti chake ukutani.

Ndipo tunaposema kwamba serikali yoyote, iwe ya kitaifa au ya kaunti, haina idhini ya kimaadili ya kumwita mbele mhamasishaji na kumpa kikombe ilhali haijamlipa posho ya miezi iliyopita. Deni kwanza, sifa baadaye. Kikombe kinachotolewa kabla ya deni kulipwa humziba mdomo anayekipokea, kwa maana ni nani atakayesimama mbele ya umati, avishwe leso ya heshima, kisha aulize habari za malimbikizo?

Kuna wanaodai kwamba kuzungumzia pesa kunaua moyo wa kujitolea. Hoja hiyo haina miguu. Anayejitolea hutoa muda na nguvu zake kwa hiari. Hakuna mahali alipokubali kutoa pia nauli, glavu, betri za tochi na gharama ya matibabu yake anapoambukizwa maradhi akiwa kazini. Mara nyingi wanaouhubiri moyo huo wa kujitolea kwa sauti kuu ni watu wenye mishahara.

Kaya zatambuliwa, wazee wasahaulika

Wamijikenda hawakungoja wageni waje kuwafundisha kuwaheshimu waliotenda mema. Miongoni mwa Wagiriama na jamaa zao, mtu aliyejiunga na chama cha gohu kwa kuwalisha wenzake na kutimiza masharti mengine aliweza, baada ya kufa, kuchongewa kigango. Huo ni mti uliotiwa nakshi na kusimamishwa ardhini kwa heshima yake, na haukupaswa kung'olewa.

Katika miongo ya mwisho ya karne iliyopita vigango vingi viliibwa na kuuzwa ng'ambo kama mapambo. Viwili kati ya hivyo vilirejeshwa kutoka Marekani mwaka 2007, na vingine 30 vilivyokuwa katika jumba la makumbusho la Denver vikarejeshwa 2019. Kisa hicho chatukumbusha kwamba heshima ina mahali pake. Ikiondolewa mbele ya watu wanaomjua aliyeheshimiwa na kufahamu kwa nini, hugeuka bidhaa kama bidhaa nyingine.

Misitu ya kaya nayo ina kisa kinachofanana na hicho. Mnamo Julai 2008, shirika la UNESCO liliiweka misitu mitakatifu ya kaya za Wamijikenda, zikiwemo kaya za Rabai, katika orodha ya turathi za dunia. Mwaka 2009 mila zinazoambatana na kaya hizo zikaingizwa katika orodha ya turathi zinazohitaji kulindwa kwa dharura. Kabla ya hapo, kuanzia 1992, Makavazi ya Kitaifa ya Kenya yalikuwa yamezitangaza kaya kadhaa kuwa turathi za kitaifa, na kitengo cha kuhifadhi misitu ya pwani kikaundwa.

Ni heshima ipi kubwa kuliko kuwekwa katika orodha moja na maajabu ya dunia? Hata hivyo, walioifanya misitu hiyo ibaki imesimama si UNESCO. Ni wazee wa ngambi, yaani baraza la kaya, waliokataza kukata miti, kuokota kuni na kulisha mifugo ndani yake, vizazi kwa vizazi. Huenda hiyo ndiyo kazi ya kujitolea iliyodumu muda mrefu zaidi katika pwani nzima ya Kenya.

Leo baadhi ya wazee wa Kilifi wanaishi kwa hofu. Kwa miaka mingi sasa kaunti hii imekuwa ikitajwa kwa mauaji ya wazee wanaosingiziwa uchawi. Viongozi na wanaharakati wamesema tena na tena kwamba nyuma ya tuhuma nyingi za aina hiyo kuna tamaa ya ardhi ya urithi. Huko Ganze, kituo cha Kaya Godoma kimekuwa kimbilio la wazee waliofukuzwa makwao na watu wa damu yao wenyewe.

Tunapata taswira ya ajabu: msitu umetuzwa na dunia nzima, lakini mlinzi wake hana hakika ya kuiona kesho. Mzee anayealikwa kutumbuiza wageni kwa ngoma na dua siku ya maadhimisho huachwa arejee peke yake nyumbani jioni, na pengine njiani akapishana na kijana anayemnyemelea kwa panga.

Kumheshimu mzee wa kaya kwa vitendo kungekuwa na maana ya mambo matatu ya kawaida kabisa. Kwanza ni polisi kuchunguza kila mauaji hadi mwisho na wahusika kufikishwa kortini. Pili ni hatimiliki za ardhi za familia kushughulikiwa mapema ili kuondoa chanzo cha uhasama. Tatu ni vijana wanaolinda misitu pamoja na wazee kupata ujira. Hayo hayapendezi pichani kama leso na kofia, lakini ndiyo yanayookoa maisha.

Biashara: wajibu ni upi na hisani ni ipi?

Sasa tuzigeukie biashara. Hakuna ubaya wowote wa kuishukuru kampuni iliyochimba kisima au kulipia watoto karo. Jamii isiyoshukuru hukauka. Ugumu ni kuutenga wajibu na hisani, kwa sababu mara nyingi huletwa zimefungwa katika kifurushi kimoja.

Sheria ya nchi imekwisha kuweka mipaka kadhaa. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 1999 inawataka wenye miradi mikubwa kutathmini athari zake na kupata leseni. Sheria ya Madini ya 2016 imetenga asilimia 10 ya mrabaha kwa jamii ya mahali yanapochimbwa madini, huku kaunti ikipata asilimia 20. Kanuni za 2017 nazo zinawataka wachimbaji wakubwa kutoa angalau asilimia moja ya mapato yao ghafi kupitia makubaliano ya maendeleo na jamii. Vilevile, tangu kanuni za kodi za 2007, michango ya hisani inayotimiza masharti huweza kuondolewa katika mapato yanayotozwa kodi.

Kwa hivyo kampuni inapozindua darasa kwa fedha ambazo sheria imeilazimisha kuzitoa, hiyo si hisani. Ni utiifu wa sheria. Kampuni inapopunguziwa kodi kwa mchango wake, sehemu ya mchango huo imetoka kwa umma. Nayo kampuni inayotoa magunia ya unga huku vibarua wake wakilipwa chini ya kiwango cha sheria, imewagawia wananchi jasho la wananchi wenzao.

Si lazima twende mbali kutafuta mfano wa gharama ya kutoliuliza swali hili mapema. Katika mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, si mwendo mrefu kutoka Rabai, kiwanda cha kuyeyusha risasi kutoka kwa betri kuukuu kilileta ajira. Kililetea pia watoto na watu wazima sumu ya risasi katika damu.

Phyllis Omido, aliyekuwa mfanyakazi wa kiwanda hicho, aligundua kwamba mtoto wake mchanga alikuwa ameathirika. Akaacha kazi, akawaongoza majirani kuandamana, akakamatwa, akaendelea. Kiwanda kilifungwa 2014. Mwaka 2015 alipokea tuzo ya mazingira ya Goldman jijini San Francisco, Marekani.

Wakazi wenyewe walilazimika kungoja. Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliwapa fidia ya Sh1.3 bilioni Julai 2020. Mahakama ya Rufaa ikaifuta 2023. Ni Desemba 2024 tu ambapo Mahakama ya Juu iliirejesha fidia hiyo. Tuzo ya ng'ambo ilitangulia haki ya nyumbani kwa zaidi ya miaka tisa.

Kisa hicho kinaipindua methali yetu. Aliyecheza kwao alituzwa ugenini. Mwalimu Peter Tabichi wa Njoro, aliyekuwa akitoa sehemu kubwa ya mshahara wake kuwasaidia wanafunzi maskini, alifahamika na Wakenya wengi pale tu alipotangazwa mwalimu bora duniani jijini Dubai, Machi 2019. Yafaa tujiulize ni akina Tabichi wangapi waliopo Ruruma na Mwawesa ambao hakuna jopo la kimataifa litakalowafikia.

Kwa upande mwingine wa mizani kuna wafanyabiashara wadogo ambao hawana idara ya mawasiliano wala mpiga picha. Mwenye duka huweka daftari la madeni akijua kwamba baadhi yake hayatalipwa. Mwenye mashine ya kusaga humsagia ajuza bila malipo. Mwendeshaji bodaboda hubeba mjamzito usiku wa manane na kungoja malipo hadi mwisho wa mwezi. Ukarimu wao hauandikwi katika taarifa zinazotumwa kwa vyombo vya habari. Taarifa hizo huwasili zikiwa na jina kamili la meneja na cheo chake, huku waliojitolea wakiitwa kwa pamoja "wakazi wenye furaha".

Tusisahau pia mkono wa siasa. Harambee ilianza kama fahari ya taifa huru, kila mtu akichangia kwa alichonacho. Baadaye ikawa jukwaa la kununulia sifa, hata Sheria ya Maadili ya Maafisa wa Umma ya 2003 ikawawekea maafisa mipaka katika uchangishaji. Julai 2024, baada ya maandamano ya vijana, Rais Ruto alipiga marufuku maafisa wa serikali kushiriki harambee. Novemba mwaka huo huo, Askofu Mkuu wa Kanisa Katoliki jijini Nairobi, Philip Anyolo, alikataa mchango wa Rais mwenyewe. Askofu huyo aliwafundisha Wakenya jambo waliloanza kulisahau: anayepewa pia ana haki ya kusema la.

Tuzo yenye uzito

Je, Rabai na maeneo mengine ya pwani yaache kabisa kuwatuza watu? La hasha. Yanachopaswa kufanya ni kuzitia tuzo uzito, na njia zipo.

Jirani zetu wa Gazi, Kaunti ya Kwale, wametuonyesha mojawapo. Tangu 2013, mradi wa Mikoko Pamoja umekuwa ukihifadhi hekta 117 za mikoko na kuuza hewa ya kaboni inayohifadhiwa na msitu huo, takriban tani 3,000 kwa mwaka. Mapato huamuliwa na kamati ya wanakijiji wenyewe, na yamekwenda katika maji na shule. Mradi huo ulipopewa tuzo ya Equator ya Umoja wa Mataifa mwaka 2017, tuzo iliikuta kazi, hesabu na faida tayari viko mikononi mwa jamii. Sifa ilikuja juu ya haki. Haikuja mahali pa haki.

Kutokana na hayo, yapo mambo ambayo wanaoandaa hafla za kutunuku wangeweza kuyafuata bila gharama kubwa.

Mosi, majina yatoke barazani. Sheria ya Nishani za Kitaifa ya 2013 imewapa hata wananchi wa kawaida nafasi ya kupendekeza majina. Ikiwa nishani za Rais zaweza kupendekezwa na mwananchi, cheti cha wadi chawezaje kuamuliwa na watu watatu ofisini? Orodha ibandikwe kwa chifu, msikitini, kanisani na sokoni majuma mawili kabla ya hafla, ili mwenye pingamizi aseme.

Pili, sababu iandikwe waziwazi. Maneno kama "kwa mchango wake mkubwa kwa jamii" hayamfunzi mtu chochote. Iandikwe alifanya nini, wapi, kwa muda gani na kwa manufaa ya nani. Tuzo yenye sababu huwa mwongozo kwa kijana anayeitazama. Isiyo na sababu humfundisha kijana huyo kwamba heshima hupatikana kwa kujuana.

Tatu, tuzo imfae anayeipokea. Kiwango cha chini cha mchango kwa Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, kwa asiye na mshahara ni Sh300 kwa mwezi, yaani Sh3,600 kwa mwaka. Mfadhili anayetaka kumheshimu mtu aliyeitumikia afya ya wengine angeweza kumlipia mwaka mzima kwa fedha hizo. Jozi ya buti za mvua, tochi ya sola au baiskeli vingemfaa kuliko kikombe cha plastiki kilichopakwa rangi ya dhahabu.

Nne, biashara ikaguliwe kabla ya kusifiwa. Je, imelipa kodi na ada? Wafanyakazi wake wamelipwa ipasavyo? Takataka zake zinakwenda wapi? Yapo madai ya ardhi au mazingira dhidi yake? Baada ya kuondoa kila inachodaiwa na sheria, kinachobaki ndicho kipimo cha hisani yake, na hicho kisifiwe kwa sauti kubwa.

Wapo watakaohofu kwamba kampuni zikiulizwa maswali hayo zitaacha kusaidia. Hofu hiyo inaeleweka mahali ambapo kisima kimoja chaweza kuwaokoa akina mama saa nzima ya kutembea. Lakini kampuni safi haina sababu ya kuogopa maswali. Itanufaika nayo, kwa kuwa sifa yake itatengana na ya ile iliyojificha nyuma ya magunia ya unga.

Jambo la mwisho ni la wakazi wenyewe. Karatasi za 1889 ziligawiwa watu ambao hawakuwa na sauti ya kuuliza kwa nini bwana alilipwa na wao hawakulipwa. Wajukuu na vitukuu vyao wana kura, wana mabaraza ya ushirikishaji wa umma yanayotambuliwa na Katiba ya 2010, na wana simu mkononi. Wanaweza kuuliza, tena mbele ya meza ya wageni mashuhuri, posho ya mwezi uliopita iko wapi.

Mcheza kwao na atuzwe. Lakini atuzwe na watu walioiona ngoma yake, waliokwisha kumlipa haki yake, na wanaoweza kusema kwa kinywa kipana ni kwa nini yeye na si mwingine. Tuzo ya namna hiyo haitamfanya mgema atie tembo maji. Itamfanya kijana aliyesimama chini ya mnazi atamani kupanda.